Neno Nisilolijua Katika Mkataba

Kila Jumamosi, baada ya kuchota maji, niliwasomea majirani zetu wa Lushebere barua zao. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Kifaransa changu kilikuwa kizuri, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi zaidi. Waliniita Redio. Papa Nestor, mwenyekiti wa mutuelle yetu ya afya, alisema redio hii haihitaji betri, inahitaji kuzimwa.

Mutuelle ni chama: kila familia inachangia, na mgonjwa anatibiwa kwa kadi. Mwaka ule wa vita, Papa Nestor alileta mkataba na kituo cha afya cha mlimani, akaniomba niutafsiri mbele ya wanachama. Nikasoma kwa madaha. Kwenye kipengele cha saba nikakutana na neno *exclusivité*. Sikulijua. Wote walikuwa wakinitazama.

"Watatutibu kwa exclusivité," nikasema. "Maana yake, kwa heshima ya pekee, kama mawaziri."

Watu wakacheka.

"Basi mimi, Waziri wa Maharagi, nitangulie," akasema jirani yetu Mama Annonciata, akatia dole gumba kwenye mkataba.

Miezi miwili baadaye mwanawe Archange, wa miaka sita, alishikwa na homa kali. Tulimkimbiza kituo cha bondeni, mwendo wa dakika kumi. Muuguzi Benoît akaitazama kadi.

"Mama, mutuelle yenu hailipe hapa. Mkataba unasema mlimani tu. Exclusivité njo hiyo. Nitamupa kidonge cha homa, lakini sindano iko ya kulipa."

Mama Annonciata hakuwa na kitu. Tukapanda kwenda kituo cha mlimani.

Njia ilipita katika kijiji kilichokimbiwa. Milango ilikuwa wazi, sufuria zilikuwa bado juu ya mafiga, na hakuna mbwa aliyebweka. Shati la mtoto lilining'inia kwenye kamba, limejaa upepo kana kwamba kuna mtu ndani. Hapo ndipo Archange alipopatwa na degedege.

"Redio," Mama Annonciata akaniuliza polepole, "ile heshima ya pekee iko wapi?"

Mlimani walimtibu Archange, akaokoka, ila masikio yake hayakusikia tena. Nikimwita kwa nyuma, hageuki. Na mimi, hata darasani, nililisikia swali lile likitoka kwenye milango ile iliyo wazi.

Baada ya wiki tatu nilisimama mkutanoni, nikasema, "Neno lile sikulijua. Nililitungia maana ili msinicheke."

Hakuna aliyecheka. Papa Nestor alikiri kwamba naye alisaini bila kuuliza. Akaenda kwa avoka, yaani wakili, akarudi na habari: nchi ina sheria ya ushindani, inayopinga mikataba ya kuwafungia wengine mlango. Kila kituo kinachotibu vizuri kiwe na nafasi ya kutuhudumia, na mgonjwa aende kilicho karibu. Kituo cha mlimani kilikubali kufuta kipengele cha saba, na cha bondeni kikaandikiwa mkataba wake.

Siku ya kuusoma mkataba huo, Mama Annonciata alinikabidhi karatasi mwenyewe.

"Kusema 'sijue' hakuue muntu, mutoto wangu. Kujifanya unajua njo kumemwondolea Archange masikio. Sasa soma. Pahali haujue, simama."

Nilisimama mara nne.