Harufu ya Jikoni kwa Mongina

Asubuhi hiyo ya Ijumaa ukungu ulikuwa bado umelalia majani chai nyuma ya ploti yao ya nyumba za kupanga, na Mongina alikuwa akipiga deki jikoni huku akiimba polepole. Jumapili akina mama wa kanisa wangekuja kusali nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu ahamie Litein kutoka Kisii. Alikuwa ameingoja sana zamu hiyo.

Ndipo harufu ikamjia. Ilikuwa kama ya yai bovu, na ilitoka chini, penye shimo la maji machafu sakafuni.

Jirani yake, Chepngetich, alikuwa akianika nguo nje ya dirisha. "Mama Orina, umehamishia choo jikoni?"

"Ni hii drenji tu, hili shimo la maji," Mongina akacheka, ingawa uso ulimchoma. "Nitaiosha."

"Osha kabisa. Hao wageni wako wana pua, na midomo pia."

Ndugu zangu, aliosha kwelikweli. Alitoa masazo ya majani chai kwa waya, akamwaga magadi, kisha siki, akaliacha povu lifanye kazi. Akasukuma kwa maji aliyochemsha kwenye jiko la makaa nje, akamalizia kwa ndimu. Maji yakashuka bila kusita. Lakini jioni harufu ile ya yai bovu ilikuwa imerudi.

"Tuite fundi," akasema Omariba, mumewe.

"Chepngetich atuone tukileta fundi wa choo? Jumapili ipite kwanza, Baba Orina."

Konani ulikaa mtungi wa gesi ambao Omariba alikuwa ameununua kwa mtu sokoni wiki hiyo. Waliujaribu mara moja tu, kisha wakauweka kwa ajili ya wageni. Hakuna aliyeutazama.

Jumamosi Mongina aliosha tena. Kichwa kikaanza kumgonga. Akafunga dirisha ili majirani wasinuse, akaziba upenyo wa mlango kwa tambara. Hapo, akina mama wenzangu, ndipo ningetamani kumshika mkono.

Jumapili Omariba alimpeleka mtoto wao Orina kanisani. Mongina alibaki kupika chai ya wageni. Akainama kwenye mtungi, akawasha kiberiti.

Moto uliruka kutoka sakafuni. Chepngetich ndiye aliyeupiga mlango teke, akamfunika kwa blanketi lililolowa maji na kumburuta nje.

Baadaye fundi alikuta mpira wa kuzuia gesi isivuje mtungini umepasuka. Gesi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ilikuwa imeshuka na kutanda juu ya shimo lile, lililokuwa safi kuliko yote plotini.

Akina mama waliomba pamoja na Mongina siku hiyo, lakini wakiwa wamesimama kando ya kitanda cha hospitali. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko.

"Ningeingia tu niangalie," Chepngetich alinong'ona. "Badala yake nilikuwa nacheka nikiwa upande wa pili wa ukuta."

Mongina alimgeuzia uso. "Na mimi ningekufungulia mlango."

FUNZO

Magadi, siki na ndimu husafisha shimo vizuri, endelea kuvitumia. Lakini harufu ikirudi baada ya kuosha, chanzo kiko kwingine. Fungua milango na madirisha, usiwashe chochote, funga mtungi, toka nje uite mtu. Usifiche harufu kwa sababu ya aibu. Na wewe jirani uliyeinusa, acha mzaha, ubishe hodi.