Weupe Uliomchukua Neema Wangu

Hivi nyie mnaosoma, mshawahi kumkaribisha mtoto wenu wa kumzaa kama mgeni?

Mimi nimewahi. Nina miaka sabini hivi, shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mimi nasema, mjukuu wangu Sekela anaandika. Nakaa Isansa na kahawa zangu. Ni mweusi, tena sana. Marehemu mume wangu alikuwa ananiambia, koroboi ikizimika ucheke nikuone. Binti yangu Neema alinifuata mimi, mweusi wa kung'aa, mzuri jamani...

Akaolewa Tunduma na mwanaume wa malori. Mkwe wangu akanunua televisheni na deki. Jioni majirani wanajaa sebuleni, wanaangalia kanda za wanenguaji wa Kongo, wasichana weupe peee. Mkwe anasema mbele za watu, "Hao ndio wanawake. Wewe Neema nilikuoa gizani." Watu wanacheka. Na Neema naye anacheka. Angefanyaje?

Basi, mama mmoja muuza vipodozi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamwambia, "Bamayo, mama yangu, wiki mbili tu unakuwa kama wao." Wakakoroga mafuta ya kopo, dawa ya nywele na sabuni ya unga... Mtu anajipaka hivyo!

Msimu wa kuchuma kahawa akaja nyumbani. Nikamwambia, "Karibu mgeni, umepotea njia?" Akasema, "Mama, ni mimi." Uso mwekundu, vifundo vya vidole vyeusi. Shangazi zake hawana dogo wale. "Shikamoo mzungu. Wewe ni kahawa gani, nusu imeiva nusu mbichi?" Tulicheka weee. Lakini kuchuma hakuweza, jua likimgusa anaungua.

Nikamsihi aache. Akasema, "Nikiacha narudi mweusi kuliko mwanzo. Na mume ataondoka." Ningemfunga kamba?

Akapata mimba. Mtoto akakaa vibaya tumboni, hospitalini wakampasua Neema. Mtoto salama. Mama yake sasa... nyuzi hazishiki. Daktari akanieleza taratibu, ngozi imekonda, ukivuta uzi inachanika kama karatasi iliyolowa. Kidonda kikatoa maji, kikatoa usaha. Mimi nampepea tu na kanga, sijui pa kumshika. Akaniambia, "Mama, nikipona sipaki tena."

Hakupona.

Mkwe hakukaa sana, akaoa mwingine. Mweusi kama mimi. Niambieni, hapo nilie au nicheke?

Mabinti, wale wa kwenye televisheni wanamulikwa mataa, wakimaliza wanaenda zao kulala. Wewe ndiye unayebaki na ngozi yako imechunika. Acheni, nawaomba...

Kile kichanga ndiye huyu Sekela anayeandika. Sasa ana simu, na humo ndani weupe wamejaa kuliko wa kwenye kanda. Nimnyang'anye? Atatazama kwa mwenzake. Hapa nimemuuliza, na wewe mjukuu wangu, je? Kaweka kalamu chini. Kasema, "Bibi, siku ya harusi yangu nitaingia kanisani na weusi wangu huu huu, na wewe utakaa kiti cha mbele."