Kundi la Wapenzi wa Ubongo

Kila asubuhi, mama yake akiwa bado anavaa, Chiriku alikuwa na nusu saa ya kushika simu. Nusu saa hiyo aliipenda kuliko kifungua kinywa. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, karibu na soketi iliyolegea ambayo haikupeleka umeme mpaka chaja uishikilie kwa kidole. Hapo alifungua kitabu alichoazima maktaba ya shule na kuandika jambo moja kuhusu ubongo wa mwanadamu. Akibonyeza tu, watu sitini na wanane walilipata.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Walimbandika darasani kwa sababu kunyamaza kulimshinda. Hata akiwa na mafua ya kuziba pua alizungumza. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Tangu shangazi yake aanze kuanguka kifafa, alitaka kujua kitu kimoja tu: humo kichwani kunatokea nini? Majirani walisema ni mashetani. Kitabu kilisema ni ubongo. Chiriku alikiamini kitabu, akataka na wengine wajue. Ndipo akamwomba mama yake ruhusa ya kuanzisha kundi la mtandaoni, akaliita Wapenzi wa Ubongo.

"Mimi ni dobi wa hospitali," mama yake alimwambia. "Ninachokijua ni madoa ya damu na ya dawa. Mambo ya ubongo nimewaachia wenyewe. Lakini simu ni yangu, na picha yangu ndiyo wanayoiona. Ukiandika, andika la kweli."

"Haya, mama."

Picha hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ilimwonyesha mama yake kazini, amevaa koti jeupe lenye nembo ya hospitali mfukoni. Madobi wa hospitali ile wote huvaa koti kama hilo. Rundo la mashuka machafu lilikuwa miguuni pake, lakini picha ilikatwa kifuani.

Wiki ya pili dereva mmoja wa lori aliandika, "Asante kwa somo, daktari." Chiriku alicheka peke yake, akasema moyoni kwamba atamsahihisha kesho. Kesho yake waliomwita daktari walikuwa wanne. Wiki iliyofuata hakuna aliyemwita vingine. Naye hakusema kwamba ni daktari, la hasha! Alinyamaza tu. Mtu hujidanganya hivyo, akaona uongo usiotamkwa si uongo, na jina la kuazima likazidi kumpendeza kama viatu vipya. Mama yake, aliyerudi kila jioni mgongo ukimuuma, hakuwa na nguvu za kusoma mazungumzo ya watu sitini na wanane.

Siku moja, wakati mvua ilikuwa imenyesha juma zima na ukuta wa chumba chao umeota ukungu, Chiriku alishika simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi akakuta ujumbe. Ulitoka kwa fundi cherehani, mmoja wa wanakundi wa mwanzo, mtu mpole aliyeuliza maswali mafupi na kushukuru kwa maneno mengi.

"Daktari, samahani kwa usumbufu. Mama yangu ameamka mzima, tumesalimiana, lakini sasa hivi mdomo umempinda upande. Mkono wa kulia haushiki hata kikombe, na maneno yake siyaelewi. Jana tulishona pamoja mpaka jioni. Ni uchovu au nimpeleke hospitali? Huku mvua ni kubwa na njia imejaa maji."

Chiriku alifungua kitabu haraka haraka. Sura ya magonjwa alikuwa hajaifikia. Ile aliyoimaliza jana ilihusu usingizi, na ilisema kwamba mtu akilala, ubongo hujisafisha uchafu wake. Bado aliona fahari ya somo lile, maana watu wengi walilisifu.

"Chiriku! Simu, nachelewa!" mama yake aliita kutoka mlangoni, mwavuli tayari mkononi.

Vidole vya Chiriku vikaandika: "Ubongo wake umechoka. Mpe maji ya vuguvugu, kisha alale. Usingizi utausafisha. Akiamka atapata nafuu."

Jibu lilikuja kabla hajachomoa chaja. "Mungu akubariki, daktari. Umenitoa wasiwasi."

Saa tatu walikuwa na kipindi cha sayansi. Chiriku hakuwa na hofu yoyote; alinyoosha mkono kwa sababu alitaka mwalimu aone jinsi alivyosoma mbele ya wenzake.

"Mwalimu, ubongo ukichoka sana, mdomo unaweza kupinda?"

Mwalimu wa sayansi, mzee mwembamba aliyezoea kuwatania, safari hii hakutania. Aliweka chaki mezani. "Nani amepinda mdomo?"

"Hakuna, mwalimu. Nauliza tu."

"Huo si uchovu. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea, maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi. Mshipa wa damu kwenye ubongo umeziba au umepasuka. Mtu huyo akimbizwe hospitali hapo hapo. Asilazwe eti apumzike, wala asipewe hata maji, maana anaweza kupaliwa. Ipo dawa inayowasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini ni ndani ya saa chache tu. Zikipita, basi."

Akageukia ubao, akaendelea na somo la mimea.

Chiriku alitazama saa ya ukutani. Simama useme, alijiambia. Lakini akisema, darasa zima litajua alijifanya daktari. Mwalimu atajua amemdanganya sasa hivi mbele ya watu. Kundi litavunjika. Mama atafukuzwa kazi, pengine. Na huenda yule bibi amekwisha amka, anakunywa chai yake. Alizikusanya sababu hizo zote akazikalia, na mvua ikaendelea kupiga bati.

Kipindi kikaisha, kikaanza kingine. Jirani yake wa dawati alimkonyeza. "Leo umemeza kufuli?" Chiriku aliendelea kutazama saa. Yeye ambaye mdomo wake haukujua likizo, siku iliyohitaji neno lake moja hakulitoa.

Saa nne na nusu kengele ya mapumziko ililia. Alikwenda nyuma ya vyoo, akalia, kisha akanawa uso kwa maji ya mvua, akaenda moja kwa moja ofisi ya walimu.

"Mwalimu, aliyepinda mdomo yupo. Mimi ndiye niliyewaambia wampe maji na alale. Wanadhani mimi ni daktari."

Mwalimu hakumfokea. Hilo lilimuuma zaidi. Alitoa simu yake mfukoni, akasema, "Namba ya mama yako. Haraka."

Chumba cha madobi kilikuwa na mashine nne zinazonguruma kwa pamoja. Simu iliita mara ya kwanza, ikaita ya pili, hakuna aliyepokea. Mara ya tatu mama yake aliipokea kwa mkono wenye povu. Mwalimu alieleza kwa maneno machache. Mashine tu zilisikika mama alipokuwa akiutafuta ujumbe humo humo kwenye simu. Kisha mama akasema, "Nimeuona ujumbe. Ngoja nimpigie huyo fundi," akakata.

Chiriku alikuja kusimuliwa baadaye jinsi mama yake alivyotoka nje barazani penye upepo, na jinsi fundi alivyoipokea simu kwa furaha.

"Daktari! Bado amelala, kama ulivyosema. Anakoroma sana leo."

"Ndugu yangu, nisikilize. Mimi si daktari. Mimi ni dobi, nafua mashuka. Aliyekujibu ni binti yangu, mtoto wa shule. Mama yako ana kiharusi. Mlete hospitali sasa hivi, usimpe kitu chochote mdomoni."

"Unasema nini?"

"Mlete. Matusi utanitukana ukifika. Mimi nitakuwa langoni."

Alikaa langoni kweli, akanyeshewa mpaka saa sita na nusu, gari lililombeba bibi lilipoweza kuvuka maji. Madaktari walimpokea bibi mara moja. Walipouliza alianza kuumwa saa ngapi na fundi akawaambia, walitazamana. Muda wa kutoa ile dawa ulikuwa umeshapita. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba ingemponya. Walichojua ni kwamba sasa haikuwezekana hata kuijaribu.

Jioni mama hakumpiga Chiriku wala hakupandisha sauti. Alivua koti, akakaa, akamkabidhi simu. "Andika," alisema. "Mimi nipo hapa."

Chiriku aliandika: "Mimi si daktari. Nina miaka kumi na tatu. Picha mnayoiona ni ya mama yangu, ambaye ni dobi na hakujua mliniitaje. Nilimjibu vibaya ndugu yetu mmoja kuhusu mama yake mgonjwa, na mama huyo yuko hospitali. Kosa ni langu. Nisameheni."

Watu wakaanza kujitoa. Wengine waliondoka kimya, wengine waliacha maneno makali kwanza, na Chiriku aliyasoma yote. Mpaka anakwenda kulala walikuwa wamebaki ishirini na mmoja. Kesho yake mwalimu wa sayansi aliomba aingizwe kundini. Picha ikabadilishwa, ukawekwa mchoro wa kichwa alioutengeneza Chiriku mwenyewe, na juu kabisa mwalimu akaandika kanuni: hapa tunajifunza, hapa hatutibu, mgonjwa apelekwe hospitali.

Mama aliitwa ofisini na mkubwa wa madobi, akaonywa kwa barua. Kazi hakupoteza. Lakini wenzake walimwita daktari kwa dhihaka karibu mwezi mzima, naye alivumilia, akipiga pasi mashuka yake bila kuinua macho.

Siku ya nne baada ya bibi kulazwa, mama alimpeleka binti yake wodini. Bibi alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mkono wa kulia juu ya mto. Fundi cherehani, mwanamume mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, alisimama alipowaona.

"Shikamoo, bibi," Chiriku alisema.

Bibi alitikisa midomo kwa shida. "Ma... ra... ha..." Neno halikufika mwisho. Mate yalimtoka upande, na fundi akamfuta kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa sijui kwamba..."

"Najua hukujua," fundi alimkatiza, sauti ya chini. "Hilo ndilo linaloniua. Ulikuwa hujui, na mimi nilikuuliza. Kama ungeniandikia 'sijui', neno moja tu, ningembeba mama yangu mgongoni nikavuka yale maji nikatoka naye asubuhi ile ile. Nilikaa kitandani kwake muda wa saa nne namsikiliza akikoroma, nikafurahi anapumzika. Nilimfunika shuka, mtoto. Nilifunga dirisha asisikie mvua."

Akaketi, akaficha uso kwa mikono. Chiriku alilia bila sauti.

Mama yake alimshika bega. "Umemsikia baba yako huyo," alisema. "Mwanangu, kusoma sikukatazi. Soma mpaka uwe daktari kweli. Lakini jina lisilo lako ukilinyamazia, umelikubali, na watu watakuja kuweka roho zao mikononi mwako. Kutojua si aibu. Sema hujui, na ukiona umekosea, sema saa hiyo hiyo. Ile saa moja na nusu uliyokaa kimya darasani ulikuwa unalinda jina lako, na huyu bibi alikuwa anaipoteza saa hiyo."

Bibi alikuwa akiwatazama. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha bakuli la supu lililopoa juu ya kabati. Fundi alitaka kuinuka, lakini bibi akatikisa kichwa, akaonyesha tena, safari hii kwa Chiriku.

Chiriku alichukua kijiko. Muuguzi aliyepita alimwelekeza amwinue mgonjwa aketi wima, achote kidogo, angoje ameze kwanza ndipo aongeze. Iliwachukua karibu saa nzima kumaliza bakuli moja.

"Kesho uje saa hizi," fundi alisema bila kumtazama. "Mimi nina nguo za watu za kushona."

"Nitakuja," Chiriku alijibu, akaenda kuosha bakuli.