Mla Mbichi wa Nateete

Moshi wa majiko ya soko la Nateete, Kampala, ukipanda saa ya chakula cha mchana, hata aliyeshiba hugeuza shingo. Ndiyo maana Julienne alimwona upesi mwanamume yule aliyewapa majiko kisogo.

Alikuwa amesimama kwenye meza ya Akoth, muuza mboga, pua na mdomo na sufuria za Julienne. Shati lake la kaki lilikuwa limenyooshwa kwa pasi ya mtu mwenye subira, na mabegani kulikuwa na vumbi la magunia ya kahawa. Alichagua karoti, akaiosha mwenyewe kwa maji ya jerikeni, akatoa mfukoni kisu kidogo chenye mpini wa mbao, akaikwangua, akaila pale pale. Baada ya karoti, kabichi. Kabichi mbichi, jani kwa jani, kama mtu anayesoma gazeti.

Julienne alikuwa na mwiko mkononi. Sombe yake, majani ya muhogo aliyoyatwanga tangu alfajiri na kuyachemsha na mawese hadi yakalainika, ilinukia soko zima. Madereva walikuwa wakisukumana kwa ajili yake. Na huyu anatafuna kama mbuzi.

"Baba," akamwita, "umekosa sahani ama umekosa mke?"

Watu wakacheka. Mwanamume yule alitafuna akamaliza, akameza, akafuta kisu chake kwa leso safi.

"Vyote viwili, mama. Lakini njaa sina."

Akoth alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mtu asiyeweza kulala na habari tumboni. Kabla jua halijageuka alikwisha kumweleza Julienne yote. Mtu yule anaitwa Wandera, Mluhya wa Busia, anachambua kahawa katika ghala moja kule Bugolobi. Ana miaka hajatia mdomoni kitu kilichopita motoni. Nyama hali, ugali hali, chai hanywi. Choroko huziloweka mpaka zikatoa mikia, ndipo akazila.

"Ni dini?" Julienne akauliza.

"Dini gani? Jumapili anaimba kanisani kama wewe."

"Basi ni ugonjwa."

"Mtazame, dada. Yule ni mgonjwa?"

Julienne akamtazama. Hakuwa mgonjwa hata kidogo.

Mwanamke mjane hana haraka ya kutazama wanaume. Mume wa Julienne aliuawa katika vita vya kwao, upande wa Butembo, naye akavuka mpaka na sufuria moja kichwani. Sufuria hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Aliyempenda alimpikia, aliyemkosea akitaka kusamehewa alimpikia, na hata shukrani zake kwa Mungu zilikuwa kuwapikia wageni wa kanisa. Mtu asiyeweza kupikiwa alikuwa kwake kama nyumba isiyo na mlango. Unaizunguka, unajiuliza wenyewe wanaingilia wapi.

Wandera akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na Akoth akaanza kulalamika kwamba mteja wake anakula karoti zake huku macho yakiwa kwenye sombe ya jirani.

"Mama Sombe," Wandera alimchokoza siku moja, "niambie wewe msomaji wa Biblia. Adamu alikuwa na jiko?"

"Hakuwa nalo. Na lile tunda halikupikwa, ona lilivyomponza."

Wandera alicheka mpaka akashika meza. Siku hiyo aliomba namba ya simu.

Miaka hiyo simu zilikuwa ndogo, zenye kurunzi kichwani, na mapenzi yalikwenda kwa kubipu. Wandera akibipu mara moja, maana yake nimefika kazini salama. Mara mbili, nakukumbuka. Jioni, gharama za maongezi zikishuka, walizungumza.

"Umekula nini leo, baba?"

"Parachichi, karanga zilizolowekwa, na huzuni ya kukosa kukuona."

"Huzuni nayo uliila mbichi?"

"Mbichi kabisa. Haina hata chumvi."

Udadisi ukamzidi Julienne. Bila kumwambia mtu, akaanza kula kama Wandera. Siku za kwanza taya zilimchoka, tumbo likanguruma katikati ya maombi hadi mama aliyekaa pembeni yake kanisani akamtupia jicho. Usiku aliota bugali wa moto, ugali wa kwao, unatoa mvuke, unamwita kwa jina lake. Kisha pakaja mabadiliko. Kabichi ikawa tamu. Aligundua kwamba nyanya ya asubuhi na nyanya ya mchana si kitu kimoja, na kwamba karanga iliyolowekwa ina ladha ya maziwa kwa mbali. Alijisikia mwepesi, ila baridi ilimwingia mwilini na shali hakulitua.

Balaa likaja upande wa sufuria. Mpishi asiyeonja hajui alichopika. Sombe ikatoka na chumvi ya bahari, dereva mmoja akaitema, akamwuliza kama ameanza kulisha samaki. Julienne akaonja, na kijiko kile kimoja cha moto kikamshuka mpaka kwenye nyayo. Akafumba macho. Hapo ndipo alipojua kwamba anaweza kula vya Wandera, lakini yeye ni mtu wa moto.

Alimwambia, na Wandera hakumlaumu. "Sikukuomba uache jiko lako," alisema. "Nilikuomba namba ya simu tu."

Kulikuwa na jambo moja dogo ambalo Julienne aliliona, akaliweka. Siku moja Wandera alichukua jani la muhogo kwa mzaha, akalipeleka mdomoni. Julienne akampiga mkono, jani likaanguka.

"Hilo ukilila bichi linakuumiza. Kwetu moto ndio unaotoa sumu."

Kwa neno hilo la mwisho uso wa Wandera ulibadilika. Aliaga mapema, hata karoti yake hakuimaliza.

Mapenzi ya watu wazima hayafichiki siku nyingi. Julienne alikuwa na mjomba mmoja tu Kampala, mzee Katembo, muuza vitenge vya jumla kule Kisenyi, mtu wa meno machache na maneno machache. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Bila baraka yake Julienne asingeolewa, hata na malaika. Aliona haya kumweleza mzee habari za kabichi, kwa hiyo akamwomba Wandera ajikaze siku moja tu, ale kidogo. Wandera akasema atajaribu kwa ajili yake.

Siku ya siku Julienne alivaa kitenge cha rangi ya machungwa chenye ndege wa buluu, kilemba chake kimesimama. Wandera alikuja nyumbani kwa mzee na koti la kijivu na viatu vinavyong'aa. Kuku alikuwa amepikwa, bugali umeviringwa, sombe inachuruzika mawese. Mzee Katembo aliomba, akasema amina, akavuta sahani ya mgeni. Akamega bugali, akachovya, akala. Akaliuma paja la kuku wa mgeni, akatafuna polepole kwa meno yake machache, kisha akamsogezea Wandera sahani kwa mikono miwili.

Wandera akaitazama alama ya meno kwenye paja. Jasho likamtoka. Akairudisha sahani katikati ya meza, akafungua mfuko wake, akatoa kibakuli chenye kifuniko na kile kisu chake. Akaanza kumenya tango.

Kisu kile kilisikika peke yake.

"Mwanangu," mzee Katembo akamwambia Julienne, bila kumtazama mgeni, "mwambie rafiki yako nyumba hii haijawahi kumuua mtu. Akimaliza tango lake, msindikize."

Walifika barabarani, kwenye kelele za magereji, Julienne akamgeukia.

"Umemwita mjomba wangu mchawi mbele ya watoto wake."

"Mimi sikumwita kitu. Yeye ndiye aliyeuma chakula changu."

"Kama hujui heshima ni nini, Wandera, usinipigie tena."

Alipiga. Alibipu mara mbili kila jioni, na Julienne alikiacha kisimu kimulike juu ya meza mpaka kizime. Baadaye kikaacha kumulika, na hilo likamuuma zaidi. Jumamosi Wandera hakuonekana sokoni. Akoth akawa anapanga karoti huku akisema na hewa, kwamba kuna watu wanapika vizuri lakini kufikiri hawajui.

Julienne akasali. Hakumwomba Mungu amrudishe Wandera. Alimwomba amwonyeshe alichokosa kukiona.

Jibu halikuja kanisani. Lilikuja sokoni, siku Akoth alipokata nanasi akamtilia kipande mdomoni kwa sababu mikono ya Julienne ilikuwa na unga. Julienne akatafuna, akasimama na mwiko hewani. Nanasi lile halikuwa limepikwa. Lakini Wandera asingelila. Katika Jumamosi zote zile hakuwahi kupokea kipande kutoka kwa mtu. Tango alilomenyewa na Julienne siku moja alilikataa, akasema ameshiba, na punde akamenya lake mwenyewe. Alinunua vizima, akaosha mwenyewe, akakata kwa kisu chake.

Akafuta mikono, akapiga simu.

"Wandera. Si moto unaouogopa."

Kwa mbali zilisikika mashine za ghala.

"Unaogopa mkono," akasema.

"Njoo Bugolobi," Wandera akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Njoo nikuambie."

Walikaa kwenye ngazi nyuma ya maghorofa, nguo za watu zikipepea juu yao. Wandera alieleza akitazama viatu vyake. Alikuwa na kaka, Khisa. Walialikwa karamu ya jirani huko Busia, Wandera akapewa sahani. Hakuwa na hamu, akampasia kaka yake. Alfajiri Khisa akafa. Wengine walisema sumu, daktari akasema ni moyo. Mpaka leo hajui.

"Sahani ile ilikuwa yangu, Julienne. Tangu hapo sijala kutoka mkononi mwa mtu. Watu wakiuliza, nasema nakula mbichi kwa afya, na kweli afya ninayo. Sasa mjomba wako akauma kuku wangu mbele ya macho yangu. Nikajiuliza, mtu anaonja kwa nini, kama sumu haiwezekani?"

Julienne akashika kichwa. Kumbe ndivyo.

"Kwetu mwenye nyumba huonja chakula cha mgeni wa heshima," akasema taratibu. "Anasema, kama kuna kifo humu, kinianze mimi. Mzee hajamwonjea mtu tangu tufike Kampala. Alikuonjea wewe."

Wandera akafunika uso kwa mikono yake mikubwa yenye harufu ya kahawa mbichi. Julienne hakumgusa, alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akafungua kikapu, akatoa papai lililoiva vizuri, akanyoosha kiganja.

"Nipe kisu chako."

Wandera alikitazama kiganja, akamtazama yeye. Nguo zikapepea, mtoto wa mtu akaitwa dirishani akaoge. Mwishowe kisu kikatoka mfukoni, kikawekwa kiganjani.

Julienne alipasua papai, akakwangua mbegu, akakata kipande. Akakiuma nusu, akatafuna, akameza. Nusu nyingine akampa.

Wandera alikipokea, akakitia mdomoni. Alikaa nacho ulimini muda mrefu kama mtoto anayepewa dawa. Kisha akameza.

"Kata kingine," akasema.

Walirudi Kisenyi pamoja. Safari hii Julienne alimweleza mjomba wake kila kitu mapema, kabichi na yote. Mzee Katembo alisikiliza mpaka mwisho. Mezani hapakuwa na kuku. Palikuwa na sinia la karoti, matango na nyanya, na mzee alilitazama kama mtu aliyeletewa kesi ya watu wengine.

Akaomba. Akachukua karoti nzima, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuikata, akaipeleka upande wa taya wenye meno. Karoti ikagoma. Akaigeuza upande wa pili. Watoto wakaangalia chini kwa adabu, mabega yakiwacheza. Hatimaye ikasikika ka, kipande kikakatika, na mzee akakitafuna kwa muda ambao Julienne angeweza kupika maharage. Akameza, machozi yakimlengalenga, akamkabidhi Wandera iliyobaki kwa mikono miwili.

Wandera akapiga goti, akaipokea, akauma palepale penye alama ya meno ya mzee.

"Nimekuja kumwomba Julienne, mjomba," akasema akiwa bado amepiga goti.

Mzee Katembo alijifuta mdomo.

"Nimesikia. Kwangu utakula unavyotaka. Lakini mbuzi wa mahari waje na miguu yao. Kuhusu kuwapika, hilo ni la huku kwetu."

"Nitawaleta. Na Julienne awe na jiko lake siku zote."

"Na wewe?"

"Mimi nitakula atakachonikatia."

Giza lilikuwa likishuka walipotoka, mafundi wakifunga magereji yao. Kwenye kituo cha teksi Julienne alihisi kitu kigumu katika pindo la kitenge chake. Ni kile kisu chenye mpini wa mbao, kilikuwa kwake tangu Bugolobi. Akakitoa, akamnyooshea.

Wandera alikiona. Akaendelea kumsimulia habari za nyumba mbili za kupanga alizoziona Nateete, moja karibu na soko, mikono yake yote miwili ikiwa mifukoni, akimwuliza angependa jiko lielekee wapi.