Nyumba Karibu na Maji

Kila jioni, ng'ombe wakishakamwa na ndama kufungiwa, Joan alimkanda nyanya yake magoti kwa mafuta ya uvuguvugu. Jumanne ile hakukanda vizuri. Mkono mmoja ulikuwa gotini, mwingine umeshika simu ya baba yake.

"Hilo goti limeshaiva, mama," Cucu Wanjugu alimwambia. "Hamia la pili."

Cucu na Guka Kihara, kama walivyoitwa na wajukuu wao pale Ndabibi, walikuwa wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Watoto wao walichanga wakawapa zawadi ya likizo ya siku tano huko Diani, waende na wajukuu wawili. Cucu hakuwahi kuiona bahari. Ombi lake lilikuwa moja tu: atie miguu ndani ya maji yake. Guka, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na saba, alitangaza kwamba Joan, kwa kuwa alishika nafasi ya kwanza darasani, ndiye angechagua mwezi wa kwenda na nyumba ya kulala. Mwenye nyumba alitaka jibu kabla ya Jumapili jioni.

Kazi hiyo ilionekana rahisi hadi Joan alipoanza kusoma simuni maoni ya wageni waliowahi kulala huko. Mwenye nyumba huyo alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa mchangani kabisa. Nyingine ilikuwa juu, ngazi sitini kutoka ufukweni. Kuhusu ile ya mchangani, mgeni mmoja aliandika, "Maji yalifika karibu na kibaraza, watoto wakaogelea." Mgeni mwingine, aliyekaa humo juma lilo hilo, aliandika, "Msidanganywe na picha. Bahari iko mbali. Tulitembea robo saa juu ya mwani na mawe." Joan alisoma mara tatu. Nyumba moja, juma moja! Ni nani aliyekuwa mwongo?

"Niaje, meneja!" Mbugua, binamu yake wa miaka kumi na minne, aliita kutoka mlangoni. "Umetupatia mahali ama tutalala kwa mchanga?"

"Niache. Nafikiria Agosti."

"Agosti? Na hapa tunavaa sweta mbili? Unataka kumgandisha Cucu! Twende Aprili, mahindi yakishapandwa."

Joan alizidi kuchanganyikiwa. Ndipo Guka alipoingia, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Uchague nyumba iliyo mbali na maji," aliamuru. "Maji hayana adabu."

Kila mtu alijua alichomaanisha. Ziwa Naivasha lilipofura, lilimeza shamba lake la kabichi. Kila Jumamosi Guka alichomeka kijiti ukingoni, na kila Jumamosi iliyofuata alikikuta kimezama. Ziwa halikurudisha hata kimoja. Nguzo za ua wake zingali zimesimama majini, ndege wakizifanya viti.

"Umeelewa?" aliuliza.

"Nimeelewa, Guka."

Hakuwa ameelewa hata kidogo. Lakini mtoto anayesifiwa kwa akili aliona haya kusema hivyo.

Ijumaa, wakila githeri, alitangaza uamuzi wake: Aprili, katika nyumba ya juu. Guka aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ngazi ni ngapi?" Cucu aliuliza.

"Sitini, Cucu."

"Basi nitaitazama kutoka juu. Nayo ni bahari vilevile." Alivuta shuka akayafunika magoti yake. Joan aliisogeza sahani yake kando.

Kesho yake alifuatana na baba yake hadi mjini Naivasha, akaingia katika duka la nguo la Bi Falguni kuchukua sweta ya shule. Bi Falguni, aliyezoeleka kwa jina la Mama Vikram, alikuwa amezaliwa na kulelewa Malindi.

"Mbona uso umekunjamana hivyo, binti? Sweta inabana?"

"Mama Vikram, bahari ikifika mlangoni, inarudi?"

Mama yule alicheka hadi miwani ikamshuka puani. Kisha, alipoona machozi ya Joan, akaacha kucheka, akamvutia kiti, na Joan akamsimulia habari yote ya nyumba, wageni na magoti ya Cucu. "Inarudi, mwanangu. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Wageni wako wote wawili walisema kweli. Walitazama saa tofauti tu. Na Aprili usiende! Mwezi huo masika humwagika kule. Agosti ndiyo nzuri: kuna upepo, lakini si baridi ya kwenu. Muulize mwenye nyumba maji hujaa saa ngapi, mkamteremshe nyanya wakati huo."

Jioni ile Joan alisimama mbele ya Guka, mikono nyuma.

"Guka, nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Ningempeleka Cucu kwenye mvua na ngazi." Akamweleza yote.

"Niletee simu," Guka alisema. "Uandike Agosti. Nyumba ya mchangani." Lakini uso wake ulionyesha kwamba hakuamini.

Agosti walipofika Diani, jambo la kwanza alilolifanya Guka lilikuwa kuchomeka kijiti mchangani, hatua thelathini kutoka kibarazani. Saa nne asubuhi maji yalikifikia. Mbugua na Joan walimshika Cucu mikono, hatua thelathini tu, mawimbi yakamfunika vifundo vya miguu. Cucu alipiga kelele kama msichana, akalamba tone lililomrukia mdomoni.

"Ni ya chumvi kweli! Kihara, vua viatu!"

Guka hakuvua. Alikuwa akikitazama kijiti. Kufikia alasiri kilisimama pakavu, na bahari ilikuwa mbali, ikimetameta. Mzee alikwenda akakichomoa, akakifuta mchanga kwa leso yake.

"Joan, njoo. Nawe Mbugua, acha kucheka," alisema. "Nilikuuliza kama umeelewa, ukasema ndiyo, nawe hukuelewa. Hilo ni kosa. Lakini mimi nami sikuijua bahari, na bado niliamuru. Kosa langu ni kubwa zaidi, kwa maana mimi husikilizwa. Asiyejua aseme hajui, awe mtoto au mwalimu mkuu, kisha akamuulize anayejua. Mngenifuata mimi, mke wangu angeiona bahari kwa mbali tu."

Kisha akaketi mchangani, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. "Maji yatajaa tena saa ngapi?"