Sauti Iliyotaka Kushoto

Tangu mkunga anunue lile gari la kifahari, mtumba kutoka ng'ambo, ramani ya kwenye dashibodi ilizungumza lugha ya huko huko lilikotoka. Hakuijali; njia zake alizijua kwa kichwa. Ndipo Jumatatu moja, jua la saa sita, ile sauti ya kike ikasema kwa Kiswahili safi: "Pinda kushoto."

Kushoto kulikuwa na ukuta.

Fundi umeme wa magari alichomoa waya zote. Kioo cha ramani kikabaki kinawaka. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ndani, na mshale wa ramani ukageuka taratibu ukamwelekea yeye. Fundi akaruka nje, plaizi yake ameiacha kitini.

"Mama, hili si la spana," alinong'ona. "Lina mwenyewe. Liuze leo leo."

"Nimuuzie nani, mtoto wa mwenzangu? Mwenyewe ni mimi. Kadi ina jina langu."

Alhamisi alasiri mke wa mwanawe alishikwa na uchungu. Mkunga akamlaza kiti cha nyuma, akaondoa gari mbio. Hawajafika mbali sauti ikaanza, pinda kushoto, pole pole kwanza, kisha haraka haraka, kisha kwa sauti ya marehemu mama yake mkunga, huku milango ikijifunga yenyewe, kach, kach, na vioo vikiingia ukungu ilhali nje jua linachoma, na usukani ukivuta kama mkono wa mtu kuelekea njia ya machimbo ya mawe, yale yaliyojaa maji.

"Mama," mkwe akasema kwa sauti ya chini, "nani huyu amekaa nami huku nyuma?"

"Usimtazame. Nitazame mimi kwenye kioo. Pumua." Kisha mkunga akaikazia macho ile ramani. "Na wewe sikia. Miaka thelathini nawaambia watu lini wasukume na lini watulie, na wote hunisikia. Utaanza wewe? Shika adabu!"

Akaubana usukani kwa mikono miwili, akavuta mpaka bega likalia. Gari likanguruma, likayumba, likapinda kulia.

Mjukuu alizaliwa pale pale kitini, mlangoni mwa hospitali, na kelele zake zikasikika hadi wodini.

Jioni mkunga alirudi peke yake kusafisha kiti. Harufu ilikuwa imekwisha. Kioo kiliwaka bado, lakini ramani haikuwa na barabara hata moja.

"Tunakwenda wapi?" sauti ikauliza, ndogo, yenye woga.

Mkunga akafunga mkanda, akawasha gari.

"Utajua tukifika."