Kimya Baada ya Jina

Vestine aliacha kipimo cha sauti kwenye arobaini. Alikuwa na hakika, maana kila asubuhi alikiweka hapo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alipomaliza jina la tatu na kutazama kompyuta, kipimo cha maikrofoni kilikuwa kwenye tisini.

Alikirudisha. Akasoma jina jingine, akanyamaza, na kipimo kikapanda tena polepole, kama mtu anayenyoosha shingo ili asikie vizuri.

Chumba kilikuwa cha matofali ya udongo, nyuma ya ofisi ya Adolphe, Mkongo aliyesimamia matangazo ya waliopotea katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Watu walileta majina ya ndugu waliopotezana nao njiani. Vestine aliyasoma, na rekodi zikatumwa kwa simu hadi kambi nyingine, nchi nyingine, popote palipokuwa na wa kusikiliza. Alikuwa na miaka kumi na minane, shule aliiacha mapema, na aliishi peke yake. Jina la mwisho kila wiki lilikuwa la mama yake, Fébronie, ambaye alipotezana naye mpakani miaka minne iliyopita. Majina mengine yaliondolewa baada ya miaka miwili. La Fébronie lilibaki kwa sababu msomaji alikuwa yeye.

Naye alisoma kwa namna yake. Siku za kwanza, pale Kabazana wanapopokelewa wageni, karani aliita majina na watu wakajibu, "Niko." Asiyejibu aliitwa tena, kisha karatasi yake ikawekwa chini ya nyingine. Vestine alikuwa ameandikisha majina mawili, akiamini mama yuko nyuma na atafika kabla ya jioni. Fébronie aliitwa mara mbili. Vestine alisimama pale akisikiliza ule ukimya, na tangu hapo hakuweza kutaja jina la mtu kisha akalipita tu. Alitaja, akanyamaza, akampa mwenyewe muda wa kujibu.

Ni katika muda huo ndipo kipimo kilipopanda.

Jumatano Adolphe alimwita asikilize rekodi. Baada ya kila jina palisikika mvumo, kama mvua iliyo mbali, na ndani ya mvumo mtu alivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niko." Jina la pili, "Niko." La tano, la tisa, sauti ile ile: majina ya watoto na ya wazee, ya wanaume na ya wanawake, yote yaliitikiwa na mtu mmoja. Kabla ya jina la mwisho Adolphe alizima, akafuta yote.

"Unaingiza nani mule ndani?" akauliza.

"Hakuna mtu, papa Adolphe."

"Bamama bakisikia batoto babo banajibu, tutabaambia nini? Rekebisha ile mashini, ao nitapatia mwengine liste ya majina."

Kesho yake Vestine alifunga kompyuta kwenye kitenge akaenda nayo mjini Mbarara, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kakoba aliyeitwa Bienfait. Alimweleza kila kitu isipokuwa ile sauti iliyojibu. Bienfait alicheka, akasema wateja wake wote humletea majini, na mwishowe hukuta ni mipangilio tu.

"Hii haina shetani, dada. Iko na akili mingi tu. Ikisikia kimya inafikiri unasema chini, inapandisha. Mutu akikaribia maikrofoni, inashusha."

Akamwonyesha sehemu mbili zenye alama ya tiki, moja iliyoruhusu programu kutawala maikrofoni, nyingine ya kurekebisha sauti bila kuguswa na mtu. Akaziondoa zote. Akamwambia sasa kipimo kitabaki pale atakapokiacha.

Vestine aliporudi alimkuta maman Goretti mlangoni pa chumba, mama wa maombi ambaye Adolphe alimwita kwa usalama. Maman Goretti aliingia, akanusa. Chumba kilinuka maji yaliyolala, ingawa sakafu ilikuwa kavu. Akanyunyiza maji ya chumvi kwenye pembe nne, akaomba hadi jasho likamtoka, kisha akamshika Vestine mkono na kuongea karibu na sikio lake.

"Mutoto wangu, kile kitu hakina jina. Wewe unaita, unaacha nafasi, kinaingia fasi ya mwenyewe. Soma mbio. Usingoje mutu."

"Hata mama?"

"Zaidi mama."

Vestine alitii. Kwa wiki tatu alisoma majina bila kupumzika, kipimo kikakaa kwenye arobaini, harufu ikaisha, na Adolphe akaridhika. Hakuna aliyejibu. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akala akiutazama ukuta, na kila jioni alifikiria jambo lile lile: rekodi ilizimwa kabla ya jina la mwisho.

Ijumaa moja mchana, Adolphe akiwa kwenye mkutano, alifungua mipangilio akarudisha tiki zote mbili. Akaketi kwenye benchi, akavaa visikizi masikioni. Akasoma jina moja tu.

"Fébronie."

Kipimo kikapanda hadi hamsini, hadi themanini, hadi mia, na akasikia bati likilia kwa joto, na kuku wa jirani, na moyo wake mwenyewe, na nyuma ya hayo yote ule mvumo wa mvua ambayo haikunyesha, na harufu ya maji yaliyolala ikamjia puani, ikazidi, hadi mvumo ukakatika na pumzi ikavutwa.

"Niko."

Haikuwa sauti ya mama yake. Alilijua hilo mara moja. Ilikuwa ile ile iliyowajibia wote. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima, lakini sauti ikauliza, kwa upole ambao hakuusikia kwa mtu yeyote tangu mpakani:

"Uko na nani?"

Vestine akaondoa mkono.

"Peke yangu," akasema.

Kipimo kikaanza kushuka: tisini, sitini, thelathini, kumi, kama pale mtu anapoikaribia maikrofoni, na yeye hakuwa amejongea hata kidogo. Hakugeuka. Alisogea taratibu hadi mwisho wa benchi, akaacha nafasi.